Miguu ya Shamsa

Wanawake wa upande wa mama yake Shamsa walijulikana kwa miguu yao. Kidole gumba kilikuwa kimepinda kuelekea wenzake, na ubavuni, pale kidole kinapoungana na wayo, palichomoza nundu ngumu ya mfupa. Bibi yake alikuwa nayo. Mama yake, Tatu, alikuwa nayo. Hakuna aliyeiita ugonjwa. Walilima kabichi na viazi kwenye miteremko juu ya Lukozi, walikwenda pekupeku tangu utoto hadi uzee, na kwa kuwa hakuna kilichowabana, haikuwauma kiasi cha kuizungumzia. Mtoto wa kike akizaliwa, mama wakubwa waliitazama miguu yake, wakasema ni ya kwao, basi yakaishia hapo.

Shamsa alikuwa na miaka kumi na mmoja serikali iliporuhusu biashara huria. Malori ya Dar es Salaam yakaanza kupanda mpaka Lukozi kuchukua kabichi, na hayakupanda matupu: yalileta marobota ya mitumba. Watu waliokuwa wamevaa kiraka juu ya kiraka wakaanza kuonekana na makoti ya sufu. Baba yake, Sharifu, alikuwa mkulima hodari na mtu wa haraka, asiyependa jambo likae bila kufanyiwa kitu. Mwaka ule kabichi zake zilitoka vizuri. Mwalimu mkuu naye akatangaza kwamba kuanzia Januari hakuna mwanafunzi atakayeingia darasani pekupeku. Kila mmoja avae viatu vyeusi vya kufunika.

Siku ya gulio Sharifu aliinamia rundo la viatu, akafukua, akaibuka na jozi ya ngozi nyeusi, yenye ncha nyembamba na soli iliyolika upande mmoja. Huko vilikotoka vilikuwa vya mwanamke mzima mwenye mguu mdogo. Shamsa alivipiga rangi, akatembea navyo uani mbele ya wadogo zake, mpaka mama yake akamwambia avivue asije akavimaliza kabla shule haijafunguliwa.

Njia ya shule ilishuka mpaka kijitoni, kisha ikapanda upande wa pili. Kupanda hakukumsumbua. Kushuka ndiko kulikomtesa, kwa sababu mguu uliteleza ndani ya kiatu ukaenda mbele, na vidole vyote vikajikusanya kwenye ncha ile nyembamba. Asubuhi alishuka kwa upande kama mtu aliyebeba mtungi. Jioni njia ilikuwa ileile, ila mteremko ulikuwa ule mwingine. Kufikia mwaka wa pili nundu ya mguu wa kulia ilikuwa imetoka, nyekundu na ya moto ukiigusa, na kidole gumba kilikuwa kimeanza kukisukuma kile cha pili. Akawa anavivua viatu nyuma ya mgomba wa kwanza, anavibeba kwenye mfuko wa madaftari, na kuvivaa tena karibu na bendera ya shule.

Tatu alipoiona nundu ile aliwasha moto. Alichemsha maji, akatia chumvi, akauloweka mguu wa mwanawe kwenye beseni. Baadaye aliwaambia majirani kwamba siku ile alijisikia kama mtu aliyempa mtoto wake kitu kibaya bila kukusudia.

Sharifu hakutaka kuloweka. Alimwita mzee mmoja aliyesifika kwa kuunga mifupa, akaja na vipande vya mwanzi na vitambaa, akakivuta kidole gumba upande wake na kukifunga. Mzee alisema mti ukiwa mchanga hunyooshwa. Shamsa alilala na mwanzi ule majuma mengi. Kidole kilikufa ganzi, ngozi ikachubuka, kidonda kikatoa usaha. Kila mwanzi ulipofunguliwa, kidole kilirudi polepole mahali pake palepale pa kupinda, mbele ya macho yao. Sharifu akaagiza kikazwe zaidi. Hapo ndipo Tatu, ambaye hakuwa na kawaida ya kumpinga mumewe, alipochukua kisu, akakata vitambaa vyote na kuvitia motoni. Kesho yake alimchukua mtoto wakateremka hospitali ya misheni, na Sharifu akawafuata nyuma.

Walimkuta Daktari Emanueli, mtu wa makamo, mgeni wa milima ile, aliyezungumza taratibu. Shamsa alimwamkia shikamoo na kuketi kitandani. Daktari alisafisha kidonda kwanza. Kisha akamwomba Tatu naye avue kandambili zake, akauweka mguu wa mama kando ya mguu wa mtoto, akaitazama yote miwili kwa muda.

"Kiatu hakikuanzisha jambo hili," alisema. "Umbo hili anazaliwa nalo mtu, kama pua. Kiatu chembamba kimeliharakisha na kimeleta maumivu. Kumfunga hakutamnyoosha. Mifupa yake bado inakua."

"Dawa yake nini?" Sharifu akauliza.

"Kiatu kipana mbele, kisigino kifupi. Pamba laini juu ya nundu isisuguliwe. Maji ya moto yakimpa nafuu, endeleeni. Vidole avinyooshe na kuvikunja kila siku visikakamae. Hayo yatapunguza maumivu. Hayatarudisha kidole."

"Na kupasua?"

"Kupasua kupo. Lakini si sasa. Mtoto anayekua ukimpasua, mara nyingi kidole hurudi. Asubiri mpaka amalize kukua, na hata hapo, kama tu maumivu yanamzuia kuishi."

Sharifu aliuliza ni lini mtoto wa kike humaliza kukua. Daktari akasema miaka kumi na tano, kumi na sita, wengine zaidi. Njiani kurudi Sharifu alilalamika mpaka wakafika nyumbani. Alisema amekwenda hospitali kuambiwa asubiri, na kusubiri angeweza kusubiri bila kuteremka mlima.

Hata hivyo alikwenda gulioni kutafuta kiatu kipana, wala hakukipata. Mtumba humchagua mnunuzi. Unachukua kilichomo kwenye robota. Vya kike vilikuwa vyembamba vyote, vya watoto vilikuwa vidogo. Katambuga za tairi zilikuwa pana, lakini ukanda wake ulipita juu ya nundu, na shuleni hazikuruhusiwa. Mwishowe alinunua viatu vya kiume, vyeusi, vya kamba, vikubwa kiasi kwamba kisiginoni ilibidi vijazwe vitambaa. Ndani yake vidole vya Shamsa vilikaa huru. Maumivu yalipungua, kwa kweli yalipungua sana.

Wasichana wa darasani wakamwita Mgosi, maana kwa Kishambaa mgosi ni mwanamume. Walimsalimia hivyo langoni, wakamwachia njia kwa heshima ya kejeli. Shamsa alikuwa na ulimi. Aliwajibu kwamba mgosi ndiye anayepakuliwa kwanza nyumbani, kwa hiyo na wampakulie. Walicheka, na yeye akacheka nao. Lakini nyumbani alianza kukaa na miguu ameikunja chini ya gauni, na kwenye harusi za jamaa akawa anasingizia homa. Alikuwa anaingia umri wa kutazamwa.

Alipofika miaka kumi na minne nundu ya mguu wa kushoto nayo ilikuwa imetoka. Ndipo dereva mmoja wa lori la kabichi akamwambia Sharifu habari za mganga wa Tanga mjini. Siku hizo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati zao, na vibao vilikuwa vimejaa mitaani. Huyo, dereva alisema, anapasua miguu ya namna hiyo, na hasubirishi mtu.

Tatu alikataa. Alirudia maneno ya Daktari Emanueli neno kwa neno. Sharifu akamwambia amuulize mtoto mwenyewe. Wakamwita Shamsa kutoka shambani, na matope mikononi.

"Mama, nataka nipasuliwe," alisema.

"Daktari alisema itarudi."

"Alisema hurudi mara nyingi. Hakusema kila mara."

Juma lililofuata baba na binti wakapanda lori, juu ya magunia, wakateremka Tanga.

Mganga yule hakuuliza umri wala miguu ya mama ikoje. Alimdunga ganzi, akachonga nundu ya mguu wa kulia, akakivuta kidole kikae sawa, akashona, na kuufunga mguu wote kwa hogo la plasta. Wa kushoto, alisema, wangeurudia baadaye. Shamsa alirudi mlimani amekaa mbele na dereva, mguu mweupe umenyooshwa kama mtoto mwingine aliyepakatwa. Hogo lilipotolewa, kidole kilikuwa kimenyooka. Kovu lilikuwa refu na la kungʼaa, lakini kidole kilikuwa kimenyooka, na wanawake wa kitongoji walikuja kukitazama kama wanaotazama mzazi na kichanga.

Idi ile Shamsa alivaa sendozi za wazi za rangi ya dhahabu, za mtumba, alizozichagua mwenyewe. Alikwenda kuwasalimia watu wote, hata wale ambao hakuwa na sababu ya kuwasalimia. Tatu alisema hakuwahi kumwona binti yake akitembea vile, mabega nyuma, akishuka mteremko kama mbuzi. Sharifu alitembea kijijini akieleza kwamba mtu asikubali kuambiwa asubiri.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, Shamsa alikuwa amerefuka. Magauni yake yote yalimpanda magotini. Na kidole kilikuwa kimeanza kurudi. Mwanzo alijidanganya kwamba ni uvimbe wa baridi. Kisha sendozi za dhahabu zikamkataa. Kidole kilipinda kuliko mwanzo, na sasa kiungo chake kilikuwa kimekakamaa, hakikunjiki. Kila hatua mguu wake ulipaswa kusukuma ardhi kwa kidole kile, nacho hakikutaka. Ikabidi autembeze mguu kwa ubavu wa nje, na kutoka hapo maumivu yakapanda hadi goti.

Sharifu alirudi Tanga peke yake kumtafuta mganga. Alikuta kibao kimeondolewa, na chumbani humo mtu anauza redio. Alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja shambani, akalima mpaka giza. Hakuwahi tena kuzungumzia miguu ya mwanawe, wala kuitazama. Shamsa alipoingia chumba alichokaa baba yake, Sharifu aligeuza uso kuelekea dirishani.

Tatu ndiye aliyempeleka tena kwa Daktari Emanueli. Daktari hakumlaumu mtu. Aliushika mguu, akajaribu kukikunja kidole, Shamsa akauma kitambaa cha kichwani. Daktari alieleza kwamba kuchonga nundu peke yake ni kuchonga kivuli. Mfupa ulio nyuma yake ndio uliokaa upande, na ulikuwa bado unakua. Akisha kukua kabisa, hospitali kubwa ingeweza kumfanyia tena. Lakini kiungo kilikwisha kuumia, na yeye asingemwahidi kitu.

"Daktari, ningesubiri kama ulivyosema," Shamsa akauliza, "ingekuwaje?"

Daktari aliuweka mguu chini taratibu. "Sijui, mwanangu. Labda ungekuwa na maumivu kidogo. Labda ungekuwa vilevile. Wapo wanaosubiri, na bado hurudi."

Shamsa alisema baadaye kwamba jibu lile lilimuumiza kuliko kisu. Kama angeambiwa kosa ni lao, angekuwa na mtu wa kumkasirikia.

Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kwenda sekondari, kama wengi, na kazi ya shamba la mteremkoni hakuiweza. Tatu akaona afadhali ajifunze cherehani, kazi ya kukaa. Alijifunza kwa mama mmoja wa Kilutheri pale Lukozi, aitwaye Yudith, mpole, aliyemfundisha kukata kabla ya kushona. Pedeli ilikuwa shida, maana inataka nyayo zikunjike. Shamsa akajifunza kuikanyaga kwa visigino, na Yudith akamwinulia kiti kwa kigogo. Mikono yake ilikuwa myepesi. Alishona sare za shule na magauni ya harusi, na alipenda hasa kushona kola.

Lakini mitumba iliendelea kupanda mlima. Kila gulio marobota yaliongezeka. Mtu wa kuvaa gauni jipya la kitambaa akawa adimu. Kwa nini ashonewe, na wakati shati lililoshonwa tayari linamfikia kwa bei ya kitambaa tupu? Waliokuja kwa Yudith walileta suruali za kupunguza miguu na zipu za kubadilisha. Yudith aliliuza cherehani la pili, lile alilokuwa akikalia Shamsa, kisha akamwomba radhi huku analia. Shamsa alimfariji. Alikunja kanga yake ya kukalia akaenda nyumbani, akishuka kwa ubavu.

Aliolewa na Salimu, fundi wa magari, mtu mwema asiye na maneno mengi. Mama mkwe alikuwa ameiona miguu siku ya kwanza, akanongʼona na mwanawe, na Salimu akasema yeye haoi miguu. Walihamia Mombo, penye karakana. Shamsa mwenyewe ndiye aliyeshinikiza wahamie, kwa sababu Mombo ni tambarare. Miaka yote alikuwa akiamini kwamba adui yake ni mteremko.

Mombo ilikuwa tambarare kweli, na joto lake lilimvimbisha miguu. Nundu ambazo kwenye baridi ya mlimani zilimuuma akitembea tu, kule chini zilimuuma hata amekaa. Alianza kuuza matunda kando ya barabara kuu, peasi na machungwa aliyoletewa na wanawake wa mlimani. Biashara ile ni ya miguu. Basi likionekana, wanawake wote huinuka na sinia zao na kukimbilia madirishani, na anayefika wa kwanza ndiye anayeuza, kwa sababu basi halikai. Shamsa alijaribu kukimbia. Siku moja alianguka na sinia katikati ya wenzake, peasi zikabingirika chini ya basi. Tangu hapo akapanga matunda mezani, akawa anangoja abiria wanaoshuka kujinyoosha, mmoja mmoja, wachache.

Walipata mtoto mmoja, Rahma. Alipozaliwa Tatu aliteremka kutoka mlimani kumtazama, akamfunua miguu mbele ya Shamsa, nao wote wawili hawakuona kitu, maana miguu ya kichanga haisemi. Akiwa na miaka minane ndipo Shamsa alipoona, akimwogesha, kidole gumba cha kulia kimeanza kuegemea. Alikisukuma kwa ncha ya kidole chake, kikarudi.

Hakumwita mtu wa mwanzi. Hakuuliza habari za mganga. Alimwacha acheze pekupeku uani, akamfundisha kukunja na kunyoosha vidole kama mchezo wa kuokota vitambaa. Alitafuta viatu vipana mpaka wauza mitumba wakamjua, akachana ubavu wa raba nyeusi na kupachika kipande laini, kwa mshono mzuri kama wa kola. Alijua kwamba hayo yote yanapunguza maumivu, na kwamba hayarudishi kidole.

Shuleni walimrudisha Rahma nyumbani kwa raba zile. Sare ilitaka viatu vya ngozi. Shamsa alifunga biashara mchana, akavaa viatu vyake vya kiume, akaenda kwa mwalimu wa darasa, Yusta, kijana aliyemzidi Shamsa kwa elimu na aliyemwamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mama Rahma. Sheria si yangu," Yusta alisema. "Nikimruhusu mmoja, wote watakuja na raba."

"Marahaba, Mwalimu. Sikuja kugombana na sheria. Nimekuja uone kitu." Shamsa akafungua kamba, akavua kiatu cha kulia, akauweka mguu kwenye benchi.

Mwalimu Yusta aliutazama. Mwisho akasema kwamba atazungumza na mwalimu mkuu, na kwamba kwa muhula huu Rahma avae zilezile. Muhula ujao asingeweza kuahidi, maana alikuwa ameomba uhamisho.

Shamsa alishukuru. Alivaa kiatu, akamchukua mtoto, wakarudi kwa njia ya reli, polepole. Rahma alimuuliza kama na yeye mguu wake utakuwa vile.

"Huenda," Shamsa akamjibu.

"Utauma?"

"Utauma. Nitakwambia lini uupumzishe na lini utembee."

Rahma akaridhika, kama watoto wanavyoridhika, akatangulia akiruka mataruma ya reli. Shamsa alimwangalia mguu wa kulia, jinsi unavyotua. Basi la Moshi lilikuwa limesimama, wanawake tayari wako madirishani na sinia zao kichwani, na lilipofika wakati wake likaondoka kabla hajafika penye meza yake.